Mpishi wa Ilundwe aliyefundisha miaka kumi na mitatu

Saa tatu kasorobo asubuhi ukungu bado umekalia migomba ya Ilundwe, na uji wa watoto mia mbili na kumi umeanza kutoa mapovu. Atuganile Mwakibete anaukoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, uso ameugeuza pembeni kukwepa moshi. Kuni ni mbichi. Huku Rungwe kupata kuni kavu mwezi wa Aprili ni bahati, na leo hana bahati.

Mlango wa darasa la kwanza unafunguliwa. Mwalimu Pudensiana, binti wa miaka ishirini na sita aliyeletwa na ajira kutoka Muleba, anatoa kichwa na kupunga mkono kuelekea jikoni. Atuganile anavuta vigogo viwili nje ya mafiga, ananawa mikono kwenye ndoo na kuvuka uwanja kwa haraka, aproni ikiwa bado kiunoni.

Ndani wamo watoto themanini na wawili. Kwa dakika ishirini mwalimu wao amewaeleza hesabu za kutoa, kwa Kiswahili safi cha chuoni, nao wamemsikiliza kwa adabu bila kuambulia kitu. Wengi wamelelewa na bibi zao, na nyumbani kwa bibi Kiswahili husikika redioni tu.

Atuganile anachukua vifuniko vya soda vilivyopangwa dirishani, anachuchumaa katikati ya darasa na kuanza kusema nao Kinyakyusa. Vifuniko vitano vinakuwa kuku, *inguku*. Mwewe anakuja, anabeba wawili. Wamebaki wangapi? Anawauliza tena kwa Kiswahili, taratibu, akiweka neno la huku juu ya neno la kule. Watoto wanajibu kwa sauti moja. Mwalimu Pudensiana anaandika ubaoni.

Imechukua dakika kumi na mbili. Anaporudi jikoni, uji umeshika chini ya sufuria.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, uji ulipoungua kwa sababu hiyohiyo, Atuganile alipewa barua ya onyo. Anayo ndani ya mfuko wa nailoni, ameitunza vizuri kama watu wanavyotunza vyeti. Ina mhuri wa shule na inataja uzembe uliosababisha chakula cha wanafunzi kuharibika. Katika miaka yote aliyoitumikia shule hii, hiyo ndiyo karatasi pekee yenye mhuri iliyowahi kuandikwa jina lake.

"Nilitakiwa nijieleze kwa maandishi," anasema. "Nikashindwa niandike nini. Nikisema nilikuwa nafundisha, wataniuliza mpishi anafundishaje."

Swali hilo walistahili kuulizwa watu wengine, si yeye. Atuganile, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ndiye mwalimu wa kwanza wa Ilundwe. Aliianzisha shule hii mwaka 2010 akiwa na watoto kumi na saba na mlango wa zamani uliopakwa masizi kuwa ubao. Akafundisha hapo miaka kumi na mitatu bila mshahara. Kisha shule ikasajiliwa, na katika karatasi za usajili huo yeye akaandikwa mpishi.

Kuelewa jambo hilo lilivyotokea, ni lazima kuijua kata yenyewe. Iko pembezoni mwa mji wa Tukuyu, mahali ambapo nyumba za kupangisha zinakwisha na mashamba ya ndizi, parachichi na chai yanaanza. Shule mama ni Itebelo, iliyojengwa mwaka 1976 kwa tofali za kuchoma ambazo wanakijiji walibeba vichwani. Ada za shule za msingi zilipofutwa miaka ya mwanzo ya 2000, watoto walijaa mpaka madarasa yakatapika. Basi Itebelo ikakatwa mbili, A na B. Uwanja ni mmoja, kisima ni kimoja, lakini walimu wakuu ni wawili, kamati mbili na kengele mbili zinazopigwa zikipishana kwa dakika tano.

Juu ya shule hizo, pamoja na sekondari ya kata, yupo Ofisa Elimu Kata mmoja na pikipiki yake. Juu yake ipo halmashauri, na juu ya halmashauri ni safari ndefu. Karatasi hupanda ngazi hizo zikienda kuomba na kushuka zikiwa zimebeba maagizo. Mpangilio huo unafanya kazi, mradi jina lako liwe limeandikwa mahali fulani ndani yake.

Ilundwe haikuandikwa popote. Ni kitongoji cha ng'ambo ya mto, na kutoka huko mpaka Itebelo ni kilomita nne za utelezi. Daraja lilikuwa magogo mawili. Kuanzia Machi hadi Mei maji yalipita juu ya magogo hayo, na mtoto mdogo hakuweza kuvuka. Kwa hiyo wazazi wa Ilundwe walikuwa na utaratibu wao: mtoto aliandikishwa shule akishafikisha miaka tisa, miguu ikiwa na nguvu. Alimaliza la saba akiwa na ndevu, au akiwa na mimba.

Atuganile mwenyewe alianza shule akiwa na miaka tisa. Alifika kidato cha nne na kufeli, akarudi nyumbani kulima. Mwaka 2009 mwanawe wa kwanza, Lusungu, alitimiza miaka sita.

"Nilimwangalia nikasema huyu hatasubiri mto," anakumbuka. "Nikaomba jengo la kanisa. Nilitaka kumfundisha mwanangu tu. Siku ya kwanza wakaja kumi na saba."

Shule ya namna hiyo huitwa shikizi. Haina namba yake. Watoto wake huhesabiwa kwenye daftari la shule mama, husoma darasa la kwanza na la pili karibu na nyumbani, kisha wakikomaa huenda kuungana na wenzao. Mwalimu wake mara nyingi ni yeyote aliyejitolea. Wazazi wa Ilundwe walimlipa Atuganile kwa walichokuwa nacho: mkungu wa ndizi, debe la viazi, siku moja ya kumpalilia shamba. Mwaka ulipokuwa mzuri alipata shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Miaka mingi haikuwa mizuri.

Mumewe, Wilson, ni mchuma chai, na anakiri kwamba aliwahi kumwambia aache, maana shamba lao lilikuwa linageuka kichaka. Hakuacha. Badala yake alirudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akausomea kwa vitabu vya kuazima, akafeli tena, akarudia tena. Mara ya tatu, mwaka 2018, alipata ufaulu unaoruhusu kusomea ualimu. Ada ya chuo hakuwa nayo, akaendelea kufundisha.

Wakati huohuo Ilundwe ilikuwa inakua. Wazazi walifyatua tofali, halmashauri ikaleta bati, na madarasa manne yakasimama. Mwaka 2022 ikaamuliwa kwamba sasa inatosha kujitegemea, iombe usajili, iwe shule kamili yenye namba, mwalimu mkuu na ruzuku yake. Kilichobaki ni ukaguzi wa wathibiti ubora wa shule.

Hapo ndipo hofu ilipoingia.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Yohane Mwangoka, ana miaka sabini na mmoja na alikuwa mmoja wa wabeba tofali wa mwaka 1976. Nilipomkuta nyumbani kwake alinikaribisha kiti, akaniletea ndizi na maziwa ya mgando, na hakutaka nianze kuuliza chochote kabla sijala. Nilikula. Alijua nimekuja kuuliza nini.

Anasema kamati ilikaa jioni moja na kuona tatizo. Wakaguzi wakikuta mwalimu pekee wa shule hana cheti, si watasema hapa hapana shule? Uamuzi ukawa kuazima walimu wawili kutoka Itebelo B kwa siku moja, wasimame madarasani. Likabaki swali la Atuganile. Akibaki nyumbani watoto wangemwulizia. Akikaa uwanjani bila kazi, wageni wangeuliza yeye ni nani.

Jibu likaja lenyewe. Wageni huku hawaondoki bila kula chakula cha maana, na mpishi mzuri kuliko wote pale kitongojini alikuwa yeye. Akapewa kanga mpya, kuku watatu na mchele kilo tano.

"Tuliogopa *fijo*, mwanangu," anasema Mzee Yohane. *Fijo* ni sana. "Hakuna aliyetaka kumdhulumu. Tulimwomba, na yeye akakubali."

Ni kweli alikubali, na ni jambo analolirudia bila kuulizwa. Hakuna aliyemshika mkono. Aliona ni siku moja, na siku moja haiwezi kufuta miaka kumi na mitatu. Alikaanga kuku, akapika ndizi za nazi, akawanawisha wakaguzi mikono mmoja baada ya mwingine huku walimu wa kuazima wakifundisha darasa lake.

Mkaguzi mmoja, mama mtu mzima, aliinama na kumuuliza mtoto wa darasa la pili mwalimu wake ni nani. Mtoto akanyoosha kidole dirishani. "Mwalimu yuko jikoni," akasema. Watu wazima wote wakacheka. Mzee Yohane akamwambia mgeni kwamba mtoto huyo amehamia juzi tu, bado hajazoea.

Atuganile alisikia. Alikuwa mlangoni na sinia la chakula.

"Na mimi nilicheka," anasema. "Hicho ndicho kinachoniuma. Mtoto wa miaka minane ndiye peke yake aliyesema kweli siku ile, na mimi mwalimu wake nikamcheka."

Usajili ulitoka Januari 2023. Walikuja walimu wanne wa ajira na mwalimu mkuu, na kitongoji kikachinja ng'ombe. Atuganile alisubiri aitwe, hata kwa neno la shukrani. Baada ya wiki tatu aliitwa ofisini. Mwalimu mkuu, mgeni asiyejua lolote, alikuwa na taarifa ya ukaguzi mezani, na ndani yake imeandikwa kwamba shule ina mpishi mmoja wa kike, msafi na mwenye bidii. Akamwuliza kama yuko tayari kuendelea na kazi yake kwa shilingi elfu sitini kwa mwezi.

Alikubali pia hilo. Nilimuuliza kwa nini, na nakiri niliuliza kwa hasira ambayo haikuwa yangu. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mwulizaji. Nyumbani kuna watoto watatu, akasema, na elfu sitini ni mara mbili ya alichokuwa akipata kwa kufundisha.

Lakini lipo jambo chungu zaidi, nalo nililipata kwa Vicent, Ofisa Elimu Kata. Alihamishiwa hapa mwaka jana na ni mtu wa kusema polepole. Alinifungulia faili lake na kunionyesha fomu iliyojazwa siku ile ya ukaguzi. Kuna safu ya walimu wa ajira. Pembeni yake, kwa wino uleule, ipo safu ya walimu wa kujitolea. Shule shikizi karibu zote huijaza, na hakuna shule anayoijua yeye iliyonyimwa usajili kwa sababu hiyo.

Safu hiyo, kwa Ilundwe, imeandikwa sifuri.

"Walimficha bure," anasema Vicent. "Wangeuliza tu. Hata kwa simu."

Hawakuuliza. Huku kwetu mtu mdogo hamwulizi mkubwa swali ambalo jibu lake linaweza kuwa hapana. Anaficha kwanza, anapika kuku, anatabasamu. Mimi nimezaliwa katika adabu hiyo na nimeisifu mara nyingi kwenye magazeti. Sikuwa nimewahi kuona inavyomla mtu.

Mambo yangeishia hapo, Atuganile akakoroga uji wake mpaka uzee, kama si tangazo lililobandikwa ofisi ya kata mwezi uliopita. Shirika moja la dini limetoa nafasi tatu kwa wilaya nzima kuwasomesha cheti cha ualimu watu waliofundisha shule shikizi kwa miaka mitano au zaidi. Ada yote italipwa. Mwombaji awe na ufaulu wa kidato cha nne na awe hajatimiza miaka arobaini na mitano. Sharti la mwisho ni uthibitisho wa mwenyekiti wa kamati ya shule na mhuri wa Ofisa Elimu Kata.

Atuganile anatimiza miaka arobaini na mitano Desemba hii. Kwake hakutakuwa na tangazo jingine.

Alichukua fomu siku hiyohiyo na kwenda nayo kwa Mzee Yohane. Mzee hakutia saini. Si kwamba anakana, anasema mzee, ila akithibitisha kwamba Atuganile alikuwa mwalimu, atakuwa ameandika kwa mkono wake kwamba kamati iliwadanganya wakaguzi wa serikali. Usajili uliopatikana kwa uongo unaweza kufutwa. Watoto watarudi kuvuka mto, na lawama zitamkalia yeye mpaka kaburini.

Nilimuuliza kama hafikiri Atuganile anastahili. Alinitazama nikimaliza maziwa.

"Anastahili," akasema. "Na shule je?"

Habari hazikai mahali pamoja. Ndani ya siku mbili kitongoji kizima kilijua kwamba mpishi anataka kuiponza shule. Winfrida, mama ambaye watoto wake watatu walifundishwa kusoma na Atuganile, alimwambia hadharani kisimani kwamba anasumbuliwa na wivu kwa walimu wa ajira. Mtu mwingine alisema aliyezoea kuitwa mwalimu haponi. Kanisani, kwenye jengo lilelile alimowafundishia watoto wao, alikalia benchi peke yake Jumapili mbili.

Katika yote niliyoyasikia Ilundwe, hilo ndilo lililonikera kuliko mengine. Watu hawa wanaweza kusoma matangazo ya bei ya chai, kuandika jina kwenye fomu ya mkopo na kumjibu karani mjini Tukuyu bila kubabaika kwa sababu mwanamke huyu aliwafundisha wao au watoto wanaowasomea. Sasa wanautumia ujuzi huo kumnyima karatasi moja.

Mwalimu Pudensiana amejaribu kusaidia. Aliandika barua kwa hiari yake akieleza kwamba bila Atuganile asingeweza kulifundisha darasa la kwanza hata wiki moja. Mwalimu mkuu alimshauri kwa upole asiiwasilishe, maana angekuwa anakiri kwamba darasa lake hufundishwa na mpishi. Ameikunja na kuiweka ndani ya andalio la somo.

"Mshahara napokea mimi," aliniambia. "Siku nyingine naona aibu kumpungia mkono. Lakini nafanyaje, watoto wanakaa tu wananiangalia."

Vicent ndiye aliyebaki. Anasema anaweza kugonga mhuri wake hata leo, kwa sababu anaamini usajili hautafutwa kwa jambo dogo hivi. Nilimwomba aseme kwamba ana hakika. Alisema anaamini, akaongeza kuwa fomu isiyo na saini ya mwenyekiti itapokelewa tu ikiwa na maelezo ya mwombaji mwenyewe, yaani Atuganile aandike kilichotokea siku ile, chote, na aweke jina lake chini.

Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa. Mimi nilikuwa Ilundwe Jumatano.

Jioni hiyo Atuganile alikuwa ameketi kwenye ngazi za darasa la pili, sufuria zimeshaoshwa na kupangwa. Wilson alikuja kumchukua akiwa na kikapu mgongoni, akasimama mbali kidogo akisubiri tumalize. Mumewe huyo ambaye zamani alimtaka aache kufundisha sasa hazungumzi na Mzee Yohane.

Atuganile alinionyesha maelezo yake. Ni kurasa mbili za daftari, mwandiko wa kiwalimu, kila herufi imekaa juu ya mstari wake. Ameandika jina la kila aliyekuwepo siku ya ukaguzi, na la kwake la kwanza. Ameandika kwamba alikubali kwa hiari. Ameandika pia alichopika. Ya Jumapili mbili kanisani na ya kisimani hakuyagusa, kwa kuwa, anasema, hayo si ya serikali.

Mipango yake ameipanga mpaka mwisho. Akipata nafasi, chuo ni miaka miwili. Atatoka akiwa na cheti na umri uliopita ule wa kuajiriwa serikalini, na anajua hilo vizuri kuliko anavyolijua mwandishi huyu, aliyekuwa anatafuta namna ya kumwambia. Hategemei mshahara wa serikali tena. Anataka safu ile ya wenye kujitolea isomeke moja, na moja hiyo iwe na cheti, ili asiwepo wa kumpeleka jikoni wageni wakija.

Nilimuuliza kuhusu watoto. Kama Mzee Yohane yuko sahihi, kama kweli usajili utafutwa na shule kufungwa, atajisikiaje?

Alizikunja kurasa mbili, akazitia ndani ya fomu, akasimama.

"Wakiifunga," akasema, "aliyeifungua bado yupo."

Kisha akamwita mumewe, wakateremka kuelekea barabarani. Kesho yake asubuhi nilimpigia Vicent simu. Fomu ilikuwa imeshafika ofisini kwake kabla hajafungua, imepitishwa chini ya mlango.